Mkono wa Mama na Karama Zilizokoma

Mama yangu aliinua mkono wake wa kulia siku ya Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana, nyumbani kwangu mtaa wa Kambarage, Shinyanga, na mimi sikufurahi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli, na mengine yote niliyosema siku ile yalikuwa ya kujifunika.

Kwa miaka mitatu mkono ule ulikuwa umekwama begani. Hakuweza kujifunga kilemba wala kushusha sufuria. Mke wangu ndiye aliyemsuka nywele, na mimi ndiye niliyemchua bega kila jioni baada ya kufunga duka langu la dawa za mifugo, na kumpeleka hospitali kwa bajaji. Kisha mdogo wangu wa kike, anayepikia wachimbaji chakula huko Geita, akaja kututembelea kwa siku mbili. Akamwekea mama mikono begani, akanena kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, na alipomaliza mama akakichukua kilemba chake na kujifunga mwenyewe.

"Mhola," akasema, yaani ni salama, hapaumi.

Mke wangu akalia kwa furaha. Mimi nikauliza kama chakula kiko tayari.

Ili unielewe, ujue kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Kanisa letu ni la zamani, lina mabenchi mazito na nyimbo za polepole, na kila Jumapili kabla ya ibada nafundisha darasa la watu wazima. Fundisho letu kuhusu karama za miujiza halina kona. Kunena kwa lugha, kutabiri, kuponya kwa kuwekea mikono, vyote hivyo walipewa mitume ili kanisa lisimame, na mitume walipoisha, karama nazo zikakoma. Mungu bado anaponya akipenda, na wagonjwa tunawaombea. Ila hakuna mtu anayetembea na uponyaji mkononi kama anavyotembea na simu. Nimefundisha hivyo miaka kumi na moja, na nimewakalisha chini walokole wengi waliokuja darasani kunibishia.

Sasa mlokole alikuwa mezani kwangu, anakula mlenda, na mama anamwongezea samaki kwa mkono uleule.

"Hiyo lugha ulifundishwa na nani?" nikamuuliza. Nilijitahidi iwe utani.

"Hata sijui, kaka," akasema. "Nilikuwa nakoroga ugali wa wachimbaji, naimba zangu, nikasikia ulimi umegeuka. Wala sikuwa nimeomba."

Wala hakuwa ameomba. Maneno hayo yaliniuma kuliko muujiza wenyewe, kwa sababu mimi niliomba. Kabla sijawa mzee wa kanisa lolote nilikuwa kibarua upande wa Kahama, karibu na mgodi wa Buzwagi, na kila jioni nilikwenda kwenye mkutano wa injili uliokuwa ukifanyika uwanjani. Nilifunga siku tatu bila kula. Waliokuwa kulia kwangu walianguka, waliokuwa kushoto walinena kwa lugha, na mimi nikabaki nimesimama katikati, mikono wazi, nasikia njaa. Mhubiri aliniambia nirudie haleluya upesi upesi mpaka ulimi ushike njia. Nikarudia, nikarudia. Ulimi ulichoka tu. Mwaka uliofuata nikahamia Shinyanga, nikalipata kanisa lililoniambia kwamba vitu vile havipo tena, na nilipumua. Sijawahi kumwambia mtu kwamba mafundisho yangu yalianzia kwenye kunyimwa.

Kwa hiyo nilimwonea wivu mdogo wangu, wivu wa wazi, wa kitoto. Asiyeweza kupata waraka kwenye Maandiko bila kuangalia orodha ya mwanzoni ndiye aliyepewa. Na jioni ile, mama alipokuwa akiwasimulia majirani, alisema, "Mwanangu kaponya mkono wangu." Zamani akisema mwanangu kila mtu mtaani alijua ni mimi. Jioni ile jirani mmoja aliuliza, "Yupi?" na mama akanyoosha kidole, kwa mkono uliopona, kumwonyesha mwingine.

Kesho yake darasani nilipaswa kufundisha habari za Nuhu. Nuhu nikamweka kando. Mama alikaa benchi la mbele, mdogo wangu kando yake, na mimi nikalipiga somo langu la zamani kwa sauti iliyomfanya hata mchungaji aje mlangoni kusikiliza. Karama zimekoma, nikasema. Nikasema tena na tena, nikipiga meza. Kila niliposema, mama alitikisa kichwa kukubali, na mara ya mwisho akainua mkono juu kabisa na kusema amina. Watu wakacheka. Mdogo wangu alitazama viatu vyake. Mchana tukamsindikiza stendi, na kabla ya kupanda basi akaniambia kwamba somo limemgusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, na hakuwa nazo.

Alasiri mama alikaa barazani akipukuchua mahindi. Akaniita nikae.

"Wabeja, mwanangu," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma kama afanyavyo akiwa na jambo zito. "Mkono huu umeuponya wewe."

"Mimi, mayu?"

"Nani mwingine? Kila Jumapili unatufundisha, kalama zimekomaa, zimekomaa. Nikasema moyoni, kama zimekomaa, tunangoja nini? Ndiyo nikampigia mdogo wako simu aje."

Alikuwa na gunzi mkononi na kidole gumba kwenye punje. Mama yangu ni mkulima, na Kiswahili chake kimetoka sokoni na shambani. Kukoma alikujua kwa kukaripia watoto tu. Kukomaa alikujua tangu anazaliwa: mahindi yamekomaa, viazi vimekomaa, leteni vikapu. Na kosa halikuwa la masikio yake peke yake. Mimi nikipandisha sauti huvuta irabu ya mwisho, kila mtu nyumbani hunitania kwa hilo. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya akina mama wa Kisukuma, nikipiga meza na kuwatangazia kwamba karama zimeiva. Na wao wakiitikia amina.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Ilikuwa irabu moja tu, na ningemaliza. Ningemweleza mafundisho taratibu, kwa Kisukuma, na mdogo wangu angeshuka pale alipopandishwa. Nakiri kwamba hilo la mwisho ndilo lililonivuta zaidi.

"Mayu, siku zote nilikuwa nasema..."

"Ngoja," akasema. Akaweka gunzi chini, akavuta kitenge mpaka juu ya goti la kushoto, lile linalomfanya ashuke ngazi ya mlangoni kinyumenyume. "Hili mdogo wako alitaka kuliombea, nikamkataza asiliguse. Nilimwambia, 'Hilo ni la kaka yako. Yeye ndiye mwalimu wetu, siwezi kumalizia kwako wewe mwili wote. Goti nimemwekea kaka yako.'"

Siku mbili nzima nilikuwa namhesabia mdogo wangu alichopewa, na kumbe mama alikuwa amebakiza maumivu yake makusudi kwa ajili yangu, akalala nayo na kuamka nayo, nisije nikakosa fungu.

Nikapiga magoti juu ya punje za mahindi na kumwekea mkono. Goti lilikuwa la moto na limevimba upande wa ndani. Nilitafuta sala katika masomo yangu yote, sikuona iliyofaa. Mama alikuwa ameshafumba macho.

"Taratibu tu, mwanangu," akasema. "Kama yako bado haijakomaa, nitangoja."