Machela Iliyovikwa Nailoni

Yayeri alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya mtu binafsi pale Bwera, na kwa miaka kumi na tisa mgongo wake ndio uliokuwa machela ya watu. Machela yenyewe, ya magurudumu, ilikaa ofisini kwa meneja Jonan, imevikwa nailoni kama bibi harusi, ikingoja wageni waje wapige picha. Wagonjwa walinyanyuliwa kwa kitenge: unakipitisha chini ya nyonga za mgonjwa, unajifunga ncha kiunoni, unavuta.

Siku moja Jonan akarudi kutoka semina ya Kasese na maarifa yake. Muuguzi mwenye tumbo na mgongo vilivyolegea ni hatari kwa mgonjwa, alisema. Basi kila mmoja atapimwa: ajiinue kifudifudi kwa viwiko, kisha asimame kwa mguu mmoja, macho kayafumba, mpaka hesabu ya thelathini. Atakayeanguka atatolewa wodini, akafue mashuka.

Wa kwanza alikuwa Phionah, mpwa wa Jonan, ashindaye kwenye kiti cha mapokezi akipaka kucha rangi. Alisimama kama korongo. Jonan akapiga makofi.

Yayeri, ambaye pale kliniki walimwita Mama Evas, aliitwa akiwa amekwisha kuwageuza wagonjwa kumi na mmoja. Viwiko aliviweza, jasho likidondoka sakafuni. Mguu mmoja ukamshinda. Hesabu ilipofika kumi na mbili kiuno kilimchoma, akayumba, bega likagonga ukuta.

"Mama Evas!" Jonan akacheka. "Leo umekunywa vibuyu vingapi vya pombe ya tonto?"

"Nimekunywa jasho la wagonjwa wako."

Jonan alikuwa bado anaandika jina lake sauti ilipotoka wodini. Afande Tonny, mwanajeshi aliyevunjika paja, alikuwa amelalia shuka lililolowa mkojo. Jonan akamtuma korongo wake. Phionah akaziba pua, akavuta kitenge mara moja, akapiga yowe na kujishika kiuno.

"Nenda wewe basi, Mama Evas," Jonan akasema, bila hata haya.

"Sista, niache tu," afande akaguna. "Mimi iko muzito."

Yayeri hakugusa kitenge. Aliingia ofisini, akaing'ata ile nailoni kwa meno, akaichana, vumbi likamjaa mdomoni. Akaisukuma machela mpaka kitandani.

"Shika mguu wake," alimwambia Jonan. "Taratibu! Si gunia la mihogo hilo."

Jonan akashika, uso kaukunja, viatu vyake vya kung'aa vikichota mkojo.

Jumatatu Yayeri alikuwa kwenye karai la mashuka. Machela ikavikwa nailoni mpya. Na kila asubuhi, katikati ya lile rundo linalonuka, alikikuta kitenge kile kile, kimeganda damu na choo, ncha zimechanika zaidi ya jana. Alitema mate upande wa ofisi. Kisha akakishona kwanza, ndipo akakifua, maana wodini kulikuwa na mwanamke mwingine wa kujifunga nacho mchana.