Seli za Penina Zapata Makazi

Penina Sumari wa Akheri alipikia wanafunzi wa bweni kwa kuni mbichi za mgrevilea mpaka alipostaafu. Shule ilimshukuru vizuri sana: ikampa cheti na saa ya ukutani, labda ili ajue ameanza kukohoa saa ngapi. Mapafu yake yalikuwa yamechoka zamani. Kifua kikuu kilitibiwa kikapona, lakini kiliacha makovu, na moshi ukamalizia kazi. Mlima wa kwenda kanisani, ambao zamani aliupanda akiimba, sasa aliupanda kwa kusimama kila baada ya nyumba mbili, akijifanya anasalimia watu. Watu wakamsifu kwamba uzee umemfanya awe na upendo.

Kliniki ya kifua mjini ndiyo iliyomwalika kwenye kongamano. Mabingwa walikuwa wanakuja Arusha kutoka kila pembe ya dunia kujadili namna ya kuotesha upya mapafu yaliyoharibika, ikaonekana si vibaya awepo angalau mtu mmoja mwenye mapafu ya aina hiyo. Angezungumza dakika kumi kwa niaba ya wagonjwa. Penina akashona gauni la kitenge, akaifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya mumewe, Frederick. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri, ila zile pumzi za katikati zitawafanya wadhani imekwisha.

Hotelini walimvisha shingoni kitambulisho kilichoandikwa MGONJWA, asije akachanganywa na maprofesa. Mgeni rasmi alichelewa, akafika, akazungumzia utalii. Dakika kumi za Penina zikawa tano, tano zikawa mbili, mwishowe mshereheshaji akamwomba asimame tu apunge mkono. Akapunga. Ukumbi ukampigia makofi mazito, na mama mmoja wa meza ya mbele akafuta machozi.

Kisha ikaja taarifa ya panya. Panya, Penina alielewa, wanaendelea vizuri kabisa. Waliharibiwa mapafu makusudi, wakapandikizwa seli shina, yaani zile seli changa zinazofanya kazi kama mbegu, zikaota, na sasa wanapumua bila shida. Penina aliwafurahia. Alichojiuliza ni kwa nini hawakumleta panya mmoja ndiye apunge mkono.

Wakati wa chakula alikaa na mtafiti kijana, Daktari Abdiel, aliyempa shikamoo na kumbebea sahani. Akamuuliza swali alilokuja nalo kutoka nyumbani: yeye atapandwa lini hiyo mbegu?

Abdiel akaacha kutafuna. "Mama, sitakudanganya. Huenda usiipate. Kwa binadamu bado tunajaribu, tena kwa wachache."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Katika watu wote waliozungumza siku ile, huyo ndiye wa kwanza kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Penina akampenda kwa hilo. Abdiel akamweleza kwamba anatafuta seli za watu walioumizwa na moshi wa jikoni. Wangempima kwanza, kisha wapitishe mpira mwembamba mpaka kifuani, wakwangue kidogo, wazikuze maabara. Haingemtibu. Alilirudia hilo ili lisije likasahaulika.

Frederick alikataa. Kifua chenyewe hakimtoshi, alisema, halafu akigawe. Na hao hao ndio waliomlia hotuba yake. Penina hakubishana naye. Lakini Jumapili iliyofuata, akiwa amesimama njiani kusalimia watu, alimkuta Evaresta, mpishi aliyerithi masufuria yake, naye amesimama pale pale, mkono kifuani, akimsalimia mama mwenye nyumba kwa upendo mwingi. Evaresta hakuwa na uzee wa kusingizia. Jumatatu Penina akampigia Abdiel.

Mpira ulimtisha. Alilia kidogo, kisha akaona aibu. Wiki kadhaa baadaye Abdiel akamtumia video: seli zake zimeota, na juu yake vinywele vidogo sana vinapepea vyote kwa pamoja, vikisukuma uchafu.

Maelezo ya kijana yalikuwa marefu. Seli za Penina zinaishi kwenye chumba chenye joto lisilobadilika na hewa iliyochujwa. Zinabadilishiwa chakula kwa ratiba, na hata sikukuu yuko mtu wa kuzijulia hali. Penina aliyasoma hayo akiwa kwenye benchi la zahanati, alikokaa tangu asubuhi kungoja dawa ya kuvuta ambayo, alikuja kuambiwa, iliisha tangu juzi.

"Basi zimetoka kimaisha," Frederick alisema jioni. Kisha akaomba simu, akaitazama ile video mara ya pili, na ya tatu.

Penina akaipeleka shuleni. Mkuu wa shule aliisifu sayansi, akaomba arushiwe awaonyeshe wanafunzi. Kuhusu moshi, alisema mpango wa jiko la kisasa upo, umekuwepo tangu Penina mwenyewe akiwa kazini, na haujafutwa.

Basi akamfuata Evaresta jikoni, akamwonyesha vile vinywele.

"Vyako bado vinafagia," akamwambia. "Vyangu hivi vinafagia mjini tu."

Evaresta alitazama, akaangalia na dari jeusi. Mchana ule alihamisha mafiga, jiwe baada ya jiwe, akayapanga uani chini ya ukingo wa paa. Penina alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, upande usiofikiwa na moshi, akimwelekeza mahali pa kuweka sufuria kubwa, akivuta pumzi katikati ya kila sentensi.