Mwiko wa Shangazi na Sura ya Saba

Leo nimepigwa, mimi mtu mzima, kisa karata.

Wiki ya tatu hii riwaya yangu imegoma sura ya saba. Mke anatakiwa amuue mumewe jikoni, lakini kila nikiandika wanasukumana tu kama watoto wa chekechea.

Basi asubuhi nikatoa karata za taroti, zile Wazungu wanazopigia ramli. Nikachomoa moja. Mwanamke kashika taya la simba!

Nikasema haya, leo damu itamwagika.

Kumbe shangazi kasimama mlangoni na mwiko.

"Shirki! Ndani ya nyumba yangu, hapa Kaole!"

Mwiko ukatua mdomoni. (Jino linacheza, msinicheke.) Karata zote akazitia motoni, chini ya sufuria ya wali.

Nikapiga kelele, "Shangazi, natafuta tu huyu mwanamke wa hadithini amuue vipi mumewe!"

Akaweka mwiko chini.

"Umempa nini mkononi?"

"Kisu."

"Kisu atanyang'anywa. Mpe mbuzi ya nazi, ampige kwa upande wa chuma, hapa nyuma ya sikio, mwanamume akiwa ameinama kunawa. Mara mbili. Ya kwanza atageuka kumtazama. Asimwangalie machoni."

Nimeandika kurasa sita bila kupumua.

Sasa jamani. Ukoo mzima tunajua marehemu mume wa shangazi alianguka kutoka kwenye mnazi.

Hiyo sura niiache au niifute? Nishaurini haraka, ananiita jikoni nikakune nazi.