Nta ya Mgongo wa Mama Mkwe

Wakesho aliolewa katika kijiji cha Mraru akiwa bado msichana, na kabla mwaka haujaisha mumewe Fanuel alishuka Mombasa kutafuta kazi bandarini. Hakurudi. Aliyebaki naye ni mama mkwe, Peris, na mwaka wa 1973 kiharusi kikamwangusha Peris jikoni. Tangu hapo mama huyo hakuinuka tena ila kwa mikono ya Wakesho.

Joto la Mraru halina huruma kwa mtu wa kulala chali. Mgongo wa Peris ukachubuka. Wakesho akayeyusha mishumaa ya dukani ndani ya mafuta ya mbarika, akapata mafuta meupe ya kupendeza. Lakini yaliganda juu ya ngozi kama nailoni, jasho likabaki chini, vidonda vikazidi. Akaenda kwa Mwandawiro, mrina asali, aliyemtolea mabonge mawili ya nta: moja jeusi, la masega makuukuu, jingine la manjano. Wakesho akalimega la manjano, akanusa, akatafuna. Halikuvunjika unga wala kunata menoni. Akachukua hilo. Kiangazi alizidisha nta mafuta yasigeuke maji. Julai, baridi ilipoyagandisha, aliipunguza, yasije yakamkwaruza mgonjwa.

Ngozi ikafunga. Watu wa kanisani wakamsifu. "Wewe ni baraka ya nyumba hii," walisema, na kila sifa ilikuwa komeo jingine mlangoni. Dada yake Milka alikuwa akimngoja Taveta wauze ndizi pamoja. Mara nyingine, akikoroga sufuria, Wakesho aliwaza: nikirudia ile ya mishumaa, haya yataisha lini? Kisha akajiogopa, akaendelea kukoroga.

Hatimaye shemeji yake Alexander akaja na pikapu kumchukua mama akae kwake Voi. Wakesho akampa kopo la mafuta, akamweleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Gari lilipoondoka tu akakunja nguo zake zote, akamtumia Milka salamu: nakuja Jumamosi.

Alhamisi pikapu ikarudi.

"Mama amekataa kula," Alexander alisema, bila kumtazama usoni. "Mke wangu naye hamwezi. Ni wewe tu, shemeji."

"Na mimi je?"

Alexander akaita majirani wamsaidie kumbeba mama.

Peris alipolazwa kitandani, ulimi wake mzito ukatafuta maneno. "Nimekufunga, mwanangu."

Wakesho alitamani kumkatalia. "Ndiyo, mama," alisema, akamgeuza ubavu.

Peris aliishi miaka mingine sita. Alipozikwa, watu walimwambia Wakesho sasa yuko huru, naye akashinda uani siku nzima asijue aanzie wapi. Baadaye alikwenda Taveta. Milka husema kwamba kwa muda mrefu dada yake hakuweza kukaa sokoni hadi adhuhuri bila kuinuka ghafla na kushika njia ya nyumbani, kana kwamba kuna mtu wa kugeuzwa.