Theodora, nyumba yake ya magurudumu sita, na lita mia saba za maji

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, basi limeshaiacha Masasi. Milima ya mawe ya mji ule inabaki kwenye kioo cha pembeni, na mbele ipo barabara ya Newala na jua la usoni. Ndani hakuna abiria. Kuna kitanda, jiko la gesi, kabati lililofungwa kwa vipande vya tyubu, na mashine kumi na moja za kupulizia mikorosho, zimesimamishwa sakafuni kama wazee barazani.

Njiani mama mmoja mwenye kikapu ananyoosha mkono. Ubavuni mwa basi bado yanasomeka maandishi ya zamani, Masasi–Newala, kwa hiyo watu hulisimamisha kila siku.

"Sichukui watu, dada!" Theodora anamwambia dirishani huku akipunguza mwendo. "Hii ni nyumba."

"Nyumba gani inakimbia?" anauliza yule mama. Theodora anacheka mpaka kona ya pili.

Theodora Mathias ana umri wa miaka hamsini na saba. Ni fundi wa mashine za kupulizia, zile za kubeba mgongoni ambazo wakulima hutumia kurusha dawa ya salfa ili mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Kila mwaka, kuanzia Mei mpaka maua yanapoisha, anahama kijiji hadi kijiji, Chiwata, Chidya, Makote, na anapofanya kazi ndipo anapolala.

Hii safari lakini si kama zile nyingine. Mlima wa kupandia Newala ulimshinda mwaka jana. Na mwanawe Nehemia, mwalimu wa sekondari mjini Masasi, amemwekea sharti mbele ya ndugu: basi likipanda, yeye hatasema neno; likishindwa tena, halitembei tena. Litawekwa juu ya matofali kwenye kiwanja chake, litobolewe dirisha, liwe duka la soda.

"Nilikubali," anasema Theodora, macho barabarani. "Mama akiahidi mbele ya watoto, ameahidi. Ila mimi kuuza soda? Nitakufa kwa kukaa."

Basi hili lilinunuliwa na marehemu mumewe, Pancras, likiwa mkweche uliotupwa nyuma ya gereji. Alilipa milioni sita na nusu, akiba ya miaka tisa ya udereva, kabla hajawa fundi wa mashine hizi. Watu walimcheka. Mwenyewe alishachoka kupanga vyumba vijijini na kubeba masanduku ya vipuri juu ya baiskeli. Aling'oa viti, akaacha viwili vya mbele, akaweka sakafu ya mbao. Ilimchukua miaka mitatu. Alipofariki miaka sita iliyopita, Theodora alikuwa ameshajua mashine, ila usukani hakuujua.

"Nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na moja. Mwalimu wangu aliniita bibi. Nikamwambia niite unavyotaka, ila nionyeshe rivasi."

Leo ana leseni ya magari makubwa na kadi ya gari iliyobadilishwa matumizi. Hilo la kadi anawaambia wote wanaotamani gari la namna hii: anza na karatasi, maana askari hawezi kuelewa basi lenye kitanda mpaka aone imeandikwa.

Mawaidha yake mengine huyatoa kama anavyotoa chai, bila kuombwa. Tairi la gari linalosimama sana, anasema, haliishi kwa kusagika, linaisha kwa uzee. Ubavuni kuna tarakimu za wiki na mwaka, zisome, likipita miaka sita usilionee huruma hata kama linang'aa. Usililaze gari mwezi mzima bila kuliwasha. Mtungi wa gesi ufungwe kabla gurudumu halijageuka. Na chini mlangoni pawe na tundu la kutolea gesi, "kwa sababu gesi ikivuja haipandi kama moshi, inazama kama maji, inakusubiri miguuni."

Akiegesha, huweka sufuria ya maji sakafuni kuona kama gari limelala sawa. Kabla ya mvua hupanda juu ya paa na kopo la lami, akapaka kichwa cha skrubu kimoja baada ya kingine.

"Paa halivuji palipotoboka," anaongeza. "Linavuja pale ulipoona uvivu kufika."

Kiti cha pili kinakaliwa na Yunusi, Myao wa Masasi, mwenye miaka sitini na mbili, utingo tangu ujana wake. Kazi yake ni gogo la mkorosho lenye mpini wa kamba, analoliweka nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Mshahara wake ni elfu kumi kwa siku ya safari na chakula, na ruhusa ya kumtania mwajiri wake bila kikomo.

"Mama Nehemia anaendesha vizuri," anasema Yunusi. "Tatizo lake ni moja tu. Ni mtu wa Newala."

"Hilo nalo ni tatizo?"

"Ukiona maji, unachanganyikiwa."

Theodora anarudisha macho barabarani.

Kwenye kijiji kilicho chini ya mlima wanasimama kupoza injini. Yunusi anazunguka gari kama kawaida, anagonga tairi, anainama nyuma. Anabaki ameinama. Akija mbele, utani umekwisha usoni.

"Springi za nyuma zimelala. Mama Nehemia, tangi lina maji kiasi gani?"

Theodora anafuta usukani kwa kiganja.

"Tulisema nusu."

"Bomba lilikuwa linatoka kwa nguvu," anasema Theodora kwa sauti ya chini. "Asubuhi pale kwa Nehemia. Lilikuwa linatoka tu, Yunusi, na hakuna mtu anakinga."

Tangi ni la lita elfu moja, na limefungwa nyuma kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Elfu moja ni tani nzima inayoning'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma. Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka jana. Basi lilifika kona ya tatu, klachi ikaanza kunuka, gari likarudi nyuma, na gogo la Yunusi ndilo lililowazuia wasiende korongoni. Walikaa pale siku nne. Ndani ya basi ilikuwamo mashine ya Mzee Mujibu wa Makote, mkulima mwenye mikorosho mia mbili. Ilipomfikia, maua yake yalishakuwa meupe kwa ubwiri unga. Alivuna magunia matatu, wakati amezoea ishirini.

"Hakunitukana," anasema Theodora. "Alipokea mashine yake akasema ahsante. Mwaka huu ameniletea tena, ileile." Anaionyesha kwa kidole. Ina kamba nyekundu kwenye mkanda.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili, aliyeunguza klachi kwa maji, ajaze tena tangi?

Aliyezaliwa Newala, kwenye uwanda ule wa juu ya mlima, hahitaji kuelezwa. Siku hizi mabomba yapo, hutoka na kukatika. Theodora alipokuwa mtoto, maji yalikuwa bondeni; alishuka na mama yake na mama yake mkubwa Dorothy alfajiri, wakarudi jua la utosini na mitungi kichwani. Katika ukoo wao, anayetoka bondeni hafiki mikono mitupu. Haleti sukari wala kanga. Analeta maji. Mpaka leo mama mkubwa Dorothy, mwenye miaka sabini na tisa, akisikia Theodora anakuja, hupanga ndoo nane barazani.

"Kuna siku niliteleza mlangoni kwetu, mtungi ukavunjika. Nilikuwa na miaka minane. Mama mkubwa hakunipiga. Alikaa chini akalia. Afadhali angenipiga."

"Fungua koki," anasema Yunusi. "Yaende."

"Chini? Hivi hivi?"

"Chini."

"Yunusi, mimi simwagi maji."

"Basi nenda kauze soda."

Theodora anashuka. Anachukua ndoo mbili, anabisha hodi nyumba ya kwanza. Mwanamke anayemenya ming'oko, viazi vya porini, anainua macho.

"Karibu."

"Ahsante, mama. Nina maji. Naomba mkinge."

"Maji ya wapi?"

"Ya bomba. Ya Masasi. Masafi."

Mwanamke anaangalia kisima kilicho hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, halafu anamwangalia Theodora. "Dada, una homa?"

Nyumba ya pili wanakinga ndoo moja kwa kumwonea haya. Ya tatu wanacheka waziwazi. Mpaka saa tatu unusu amegawa lita arobaini. Mlimani jua linazidi kukaza, na kila dakika injini itapanda ikiwa na moto zaidi.

Anayemwokoa ni Sultani, mfyatua tofali mwenye shimo la udongo kando ya barabara. Anasikiliza shida yote akiwa ameegemea jembe.

"Nimeona watu wakiomba maji," anasema Sultani. "Anayeomba watu wayapokee, huyu wa kwanza. Lete gari."

Theodora anarudisha basi nyuma mpaka ukingoni mwa shimo. Anafungua koki mwenyewe. Maji yanatoka kwa kelele, yanazunguka, yanakuwa mekundu. Baada ya robo saa, alama za tangi zikionyesha lita mia saba zimetoka, Yunusi anamgusa bega, naye anafunga koki na kuifuta kwa pindo la kanga kana kwamba imechafuka.

"Matofali ya maji haya nitayafanyia alama," Sultani anamwambia, safari hii bila utani.

Wanapanda saa nne na dakika tano. Gia ya kwanza tangu chini. Yunusi hakai ndani. Anatembea nyuma ya gari, gogo mkononi, na kwa mwendo ule anawahi bila kuhema sana. Theodora amezima redio. Anaangalia geji ya joto, barabara, geji.

"Gia utakayopandia ndiyo utakayoshukia," anasema, labda kwa kujikumbusha. "Na usibadilishe katikati ya mlima. Kama moyo unataka kubadilisha, uambie ungoje."

Kona ya kwanza. Ya pili. Kabati linagonga. Kwenye ya tatu bado kuna mkwaruzo ukingoni, pale basi lilipojibanza mwaka jana. Sindano ya joto inagusa alama nyekundu. Kwa pumzi chache gari linakwenda polepole kiasi kwamba jani la kando ya njia linaonekana limesimama sawa na dirisha.

"Twende, Pancras," anasema Theodora.

Lile jani linarudi nyuma. Kona ya nne barabara inalala, na kwa mbali inaonekana mikorosho, myeusi ya kijani, vichwani ina maua. Mlima wote umechukua dakika ishirini na sita. Yunusi anapanda ngazi ya mlango, anaweka gogo chini ya kiti, anaomba maji ya kunywa.

"Yapo," anajibu Theodora. "Kunywa kidogo."

Makote wanafika adhuhuri. Mashine zinashushwa kabla injini haijapoa. Mzee Mujibu anaivuta kamba ya kuwashia ya mashine yake mara moja, inalia, anaizima. "Nitaanza kesho alfajiri, umande ukiwepo," anasema, na kuondoka nayo mgongoni.

Kisha Theodora anakwenda barazani kwa mama mkubwa Dorothy. Ndoo nane zimepangwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Naona leo hukuteleza, magoti mazima. Maji?"

"Nimekuja na ya kutosha ndoo tatu, nne, ukitoa ya injini na ya kupikia njiani. Mengine nimeyaacha chini ya mlima."

"Umemwaga?"

"Nimempa mfyatua tofali."

Bibi anazihesabu ndoo zake kwa macho. "Kwa hiyo mtu ambaye simjui atalala ndani ya maji yangu."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Awe na watoto basi, yasipotee." Anaingia ndani, na hatoki mpaka jioni.

Haya ndiyo yaliyofuata, kwa waliotaka kujua.

Mzee Mujibu alipulizia mara tano msimu huo na kuvuna magunia kumi na manane. Yunusi alirudi Masasi baada ya wiki tatu kwa sababu ya magoti. Bado ni utingo wa basi lile, ila mlimani sasa hukaa ndani, na gogo linabebwa na mtu anayelipwa kwa safari. Sultani alichoma tofali elfu mbili, akauza zote, na alama hakuweka, anasema alisahau. Nehemia alitimiza ahadi kama mama yake ambavyo angetimiza yake: hakutaja tena duka, na mabati aliyokuwa amelinunulia aliyapeleka Makote, akaezeka upande wa nyumba ya mama mkubwa uliokuwa wa nyasi.

Theodora alilitoa lile tangi. Sasa yapo mawili ya lita mia moja na hamsini, chini, mbele ya magurudumu ya nyuma, na bomba la kujazia ameliwekea kufuli. Ufunguo anao Yunusi. Mpango wake ni kuchimba kisima cha kukingia maji ya mvua chini ya yale mabati kabla ya masika, na ameshanunua mifuko kumi na miwili ya saruji kati ya thelathini anayohitaji.

Mama mkubwa Dorothy hakumsemesha Theodora kwa siku mbili, siku ya tatu akampelekea ming'oko. Ndoo zake bado ni nane. Mvua haijanyesha.