Kyanzi cha Mama

Watu hunipongeza: eti kutoka kuchimbua mabaki ya kale hadi kuwa mkuu wa makumbusho! Acheni bwana. Kazi hiyo ilianza na kyanzi cha mama, na mpaka leo sipendi kupongezwa.

Kyanzi ni chombo cha mti cha maziwa. Kwetu Nyakakika, sisi wafugaji, hakioshwi kikaachwa hivi hivi. Hufukizwa kwa majani makavu mpaka maziwa yanukie ule moshi. Mama alikuja na chake alipoolewa. Mzungu aliyekuwa akichimba huko, ndiye aliyenifundisha kazi, alikipenda akakiomba kwa ajili ya makumbusho ya mjini. Mama alimpa kwa ajili yangu.

"Mwanangu apate kazi," alisema. "Lakini nikizeeka mnirudishie, nikinywee."

Nikachimba, nikapelekwa masomoni, nikarudi nikakabidhiwa funguo za makumbusho yale madogo. Uhuru ulikuwa bado. Ndipo mama akaugua, akawa hataki maziwa ya kikombe cha bati.

"Yananuka bati," alilalamika. "Leta kyanzi changu. Si wewe ndiye mkubwa siku hizi?"

Mkubwa, ndiyo. Lakini makumbusho nayo yana desturi zake: kila chombo cha mti hupakwa sumu kisiliwe na wadudu, na sumu hiyo ikishanywewa na mti haitoki. Cha mama kilipakwa nikiwa bado masomoni. Nilikibeba hivyo hivyo, angalau akione. Njia nzima roho iliniuma.

"Shikamoo mama."

Alinyoosha mikono, akakipakata, akafungua kifuniko, akanusa.

"Mmekifanya nini?"

Nikamweleza yote. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, alikwisha kuweka majani motoni.

"Kifukizeni basi, kitarudi," mama alisema.

"Hakirudi, mama. Kitakuua."

Alikifunika taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani baada ya kukamua.

"Haya. Nipeni hicho cha bati."

Alikunywa huku amekunja uso. Hakunywa tena maziwa mpaka tulipomzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba, kando ya baba.

Kyanzi nilikirudisha kabatini, maana nyumbani nani angekinywea? Wageni husimama mbele ya kioo wakisema, "Lo, kimetunzwa kweli!" Nami huondoka haraka, nisije nikawatukana.