Jumamosi Tuliyokaa Ngazini Lisbon

Sadini wakichomwa juu ya makaa, moshi wao huingia kwenye nguo na hautoki mpaka zifuliwe. Hiyo ndiyo harufu inayonijia kwanza nikiukumbuka mji wa Lisbon, kabla ya makanisa na majumba ya wafalme: moshi wa samaki ukipanda vichochoro vya mawe vya kupishana kwa mabega, na shuka zilizoanikwa juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunaishi Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ambako baba alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, na likizo ile, badala ya kwenda kwetu Mombasa, akatupeleka kwa Wareno. "Wao walikuja kwetu wakajijengea ngome bila kukaribishwa," alisema. "Na sisi twende tukawachungulie kwao." Baba alikuwa hodari wa maneno ya namna hiyo. Mama hakucheka.

Mama alikuwa hajacheka kwa miezi mitano. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mdogo wangu Nasri, akaishi siku tisa. Baba na wanaume wenzake walimchukua wakamzika Jeddah. Mama alibaki ndani, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Baba aliporudi na vumbi viatuni hakusema neno, wala mama hakuuliza. Tangu hapo jina la Nasri likawa halitajwi. Mama alipika, akanisuka nywele, akajibu alipoulizwa, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi, udogo wangu wote, nilikuwa naona kwamba tunampoteza mama huku yumo nyumbani. Mombasa hakutaka hata kupasikia, kwa sababu ya maswali ya shangazi zangu. Ndipo baba akakata tiketi za Lisbon, akitumaini kwamba huko macho ya mkewe yataona kitu cha kutamani.

Siku tano tulizunguka kama watalii wengine. Tulipanda ngazi zisizokwisha, tukatembea juu ya kuta za ngome kongwe, tukatazama mto mpana kama bahari, baba akisoma kitabu cha kuongoza watalii kwa sauti na kujitia mjuzi. Mama alifuata nyuma, mkoba kifuani. Siku ya sita, Jumamosi, ndege yetu ikiwa ya kesho yake asubuhi, alisimama mbele ya kiduka kimoja, akanyoosha kidole. Dirishani palikuwa na kigae cha buluu, kimechorwa ndege juu ya tawi. "Kizuri," alisema. Neno moja tu, lakini baba almanusura aruke. Kabla hajaushika mlango, mwenye duka alitoka, akatia kufuli, akateremka zake kilimani.

Ilikuwa saa saba mchana. Mtu wa pale angeelewa. Sisi tulikuwa watu wa Jeddah, ambako zama zile maduka yalifungwa kila wakati wa swala, nawe ukakaa kizingitini dakika ishirini, thelathini, mwenyewe akarudi. Miili yetu ilishazoea. "Tukae, atarudi sasa hivi," baba alisema, nasi tukakaa ngazini, kivulini. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. "Subira huvuta heri," baba akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana mjinga. Hapakuwa tena na la kusoma wala la kupiga picha. Mama aliutazama ule mlango muda mrefu, halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Zuhura, Nasri ulimlaza upande gani?"

Baba akamweleza. Ukuta wa mashariki, kwenye safu ya watoto. Udongo ulikuwa mgumu, akaulainisha kwa vidole. Aliingia kaburini mwenyewe, hakukubali mtu mwingine ampokee. Mama akauliza moja baada ya moja: sanda ilimtosha? Jua lilikuwa kali? Nani alimpa baba mkono wa kutokea shimoni? Baba alijibu yote, na katikati ya kujibu akaanza kulia, nami nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Mama akalia naye. Mimi nilikaa katikati yao, nikaogopa, kisha sikuogopa tena.

Mwishowe bibi mmoja alichungulia dirishani juu yetu. Alionyesha duka, akatikisa kichwa, akalaza shavu kiganjani mara mbili: mlale mara mbili, ndipo lifunguliwe, Jumatatu. Mama alifahamu kabla ya baba. "Baba Zuhura," alisema akijifuta macho kwa mtandio, "hawa hawakwenda kuswali." Akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na bibi wa watu naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Sasa naishi Riyadh, nafundisha shule moja huko Al-Malqa, na wakati wa swala maduka mengi hayafungwi tena kama zamani. Kigae kama kile ningekiagiza kwa simu, kikaja mpaka mlangoni. Raha hizi nazipenda, sitasema uongo. Lakini mimi na mume wangu na wanangu hatukai pamoja bila shughuli hata robo saa, na hilo linaniuma. Baba alishatangulia. Mama yuko Mombasa, na kila nikimwambia nakwenda Jeddah kwa kazi, husema, "Msalimie mdogo wako." Nami humwomba dereva apunguze mwendo karibu na makaburi, maana kule wanawake hatuingii, nikatoa salamu dirishani. Nikirudi Riyadh mama hupiga simu kuuliza kama salamu zake zimefika. Humwambia zimefika.